Hodi ya Umeme

Kibaigwa sokoni, mwezi wa sita.
Malori yamepanga pua kando ya lami
na vumbi la mahindi limelala juu ya kila kitu,
hata juu ya majibu yangu.

"Fundi," anasema Mama Sechelela,
"kamera ya mzani inaona mchana tu.
Ikigonga saa moja jioni inafumba,
inafumbua, inafumba,
kama mtu anayesinzia msibani.
Nami napima hadi saa nne."

Napanda ngazi. Nashuka.
Kebo nzima, vichwa vyake nilivibana mwenyewe.
Kumbe chini, nyuma ya magunia ya alizeti,
kipo kile kiadapta nilichomuuzia Machi,
chepesi kama ganda la karanga.
Giza likiingia kamera huwasha taa zake za usiku,
inaomba chakula zaidi,
na sufuria halina.

Machi sikuchagua kifaa.
Niliokota bei.

Siku ya pili niko Dodoma mjini, dukani kwa Chidumizi,
adapta mbili juu ya kaunta.
Zote zinafanya ule muujiza mmoja:
umeme na taarifa ndani ya waya uleule,
kama mama anayenyonyesha
huku akimfundisha mtoto kusema.

Lakini ya kwanza haipigi hodi.
Inasukuma volti zake ishirini na nne
kwa yeyote aliye mwisho wa kebo,
awe kamera, awe kompyuta ya mhasibu.
Hivyo ndivyo ilivyokufa simu ya mezani
ya Mzee Mhembano wa stoo ya choroko.
Nilimwambia ni radi.
Wiki ile hata wingu halikupita.

Ya pili inapiga hodi.
Inatuma umeme kidogo, wa kuonja,
inasubiri.
Ikisikia karibu, inauliza: unakula kiasi gani?
Ndipo inapakua.
Isipojibiwa, inakaa na sufuria lake.

Bei yake mara tatu.
Chidumizi ananitazama mfukoni.
Naichukua.

Mama Sechelela hasomi volti, anasoma magunia.
Anaigeuza adapta kiganjani,
anaipima uzito, anatikisa kichwa.
"Imeandikwa wati thelathini.
Zinatoka thelathini, au zinafika thelathini?"

Miaka tisa ya ufundi,
hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Zinafika ishirini na tano na ushee," nasema.
"Waya nao unatoza ushuru."
"Umbali?"
"Mita themanini na mbili. Nimepima kwa futi kamba.
Mia ndiyo mwisho."
"Na kamera, usiku?"
"Kumi na nne."
Anahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.
"Kumi na moja zinabaki. Hiyo si lumbesa?"
"Ni lumbesa, mama. Ila hii haimpunji mtu."

Anacheka, kisha anatoa pesa
na kukata humo humo bei ya kile cha Machi.
Sibishani.

Saa moja. Saa moja na robo.
Taa za kamera zimeiva wekundu hafifu,
na kwenye kioo cha ofisi naona mzani,
naona namba zake,
naona kijana Mnyambwa anajikuna mgongo kwa kipande cha mbao
bila kujua kwamba usiku umepata macho.
Haifumbi.
Mama anavuta kiti, anakaa kuitazama
kama anatazama mvua.

Mimi nakunja kebo iliyobaki.
Kesho asubuhi naenda stoo ya choroko.
Nimebeba simu ya mezani, mpya, ndani ya boksi,
na sentensi moja ninayoifanyia mazoezi tangu Dodoma.
Mlangoni kwa Mzee Mhembano
nitaanza na hodi,
ndogo,
kisha nisubiri.